Kaunta ya jikoni: Vipimo sahihi ndivyo kinga ya kwanza ya fundi

Na MWANDISHI WETU

WAKAZI wa mtaa wa Jericho, katika eneobunge la Makadara jijini Nairobi, wanapoamua kuboresha makazi yao, jikoni huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuguswa. Meza iliyochakaa huondolewa, na mahali pake huwekwa kaunta ya mbao, ya fomaika, ya vigae au ya graniti.

Kwa mtazamaji, kazi hiyo ni nyepesi: bamba hulazwa juu ya kabati, hubanwa, na mpishi hurejea kazini. Ukweli ni kwamba kaunta ni kazi inayodai vipimo vya milimita ndani ya chumba kidogo ambacho kuta zake hazijanyooka, na zana zake zinaweza kumkata kidole fundi siku moja au kumharibu mapafu kwa miaka.

Mambo hayo mawili, usahihi na usalama, hufundishwa mara nyingi kana kwamba ni masomo tofauti. Si hivyo. Mkato ulio hatari kuliko yote ni ule unaofanywa ndani ya nyumba, kwa haraka, baada ya bamba kukataa kuingia mahali pake. Mwanagenzi anayejua kupima vyema huuepuka mkato huo tangu mwanzo.

KAUNTA NA SEHEMU ZAKE

Kaunta ni bamba pana, tambarare, lililoegemea kabati, ukuta mfupi au vyuma vilivyofungwa ukutani, ambalo juu yake chakula huandaliwa na vyombo kuoshwa. Ina sehemu tatu: kibebeo kilicho chini, bamba lenyewe, na kiungo kati ya bamba na ukuta, ambacho huzuia maji kupenya nyuma.

Upana uliozoeleka, kutoka ukutani hadi ukingo wa mbele, ni milimita 600. Bamba hutokeza mbele ya milango ya kabati kwa milimita 20 au 30 ili maji yakimwagika yaanguke sakafuni wala yasilowanishe mbao. Mafundi wazuri huchonga mfereji mwembamba chini ya ukingo huo ili tone la maji likatike hapo lisirudi ndani.

Kimo hutegemea mpishi. Kabati nyingi za kununuliwa hutengenezwa ili kaunta iwe kati ya milimita 850 na 900 kutoka sakafuni. Njia rahisi ya kupata kimo cha mtu ni kumwomba asimame wima na kukunja mkono, kisha kupima kutoka sakafuni hadi kiwiko na kutoa sentimita 10 hadi 15. Anayekanda unga na kusukuma chapati kila siku huhitaji kaunta iliyo chini kidogo, kwa kuwa kazi hiyo hutaka uzito wa mabega. Kaunta iliyo juu mno humchosha mabega, na iliyo chini mno humuumiza mgongo.

NYUMBA ZA ZAMANI, KUTA ZILIZOPINDA

Jericho ni mmoja wa mitaa ya Eastlands iliyojengwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na serikali ya kaunti mwaka wa 2013. Mitaa hiyo ni ya kale kuliko wengi wa mafundi wanaofanya kazi humo leo. Nyumba za umri huo hupigwa lipu juu ya lipu na rangi juu ya rangi, hivi kwamba pembe ambayo hapo awali ilikuwa ya nyuzi 90 huenda sasa ikawa 88 au 92.

Kuna jambo jingine ambalo mwanagenzi hana budi kulielewa kabla ya kugusa ukuta. Nyumba ya kaunti si mali ya mpangaji. Kuvunja ukuta, kuhamisha bomba au kuchimba sakafu bila idhini kunaweza kumletea mteja matatizo, na fundi asijidanganye kwamba hayamhusu.

Aidha, mipango ya kujenga upya mitaa ya zamani ya Eastlands imekuwa ikijadiliwa kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, mpangaji hufaidika zaidi na kaunta inayoweza kufunguliwa na kuhamishwa: kabati linalosimama lenyewe, bamba lililofungwa kwa skrubu kutoka chini, na kiungo cha silikoni kinachoweza kukatwa kwa kisu. Kaunta iliyomiminwa kwa zege hubaki pale siku mpangaji anapoondoka.

KUCHAGUA BAMBA

Mbao zilizobanwa, yaani plaiwudi, blokibodi na emdiefu, huuzwa kwa karatasi za futi nane kwa nne, takriban milimita 2,440 kwa 1,220. Karatasi moja ikipasuliwa katikati kwa urefu hutoa vipande viwili vya upana wa takriban milimita 608, kwa kuwa msumeno wenyewe hula milimita chache. Vipande hivyo hutosha upana wa kaunta ya kawaida. Adui wa mbao hizi ni maji: emdiefu isiyozibwa kingo hufura na haisinyai tena ikarudi ilivyokuwa.

Fomaika hubandikwa juu ya mbao hizo kwa gundi ya kupaka pande zote mbili. Ni nafuu, husafishika kwa urahisi, na ikiungua kwa sufuria haitengenezeki.

Mbao ngumu kama mvule na mkangazi hupendeza na huweza kupigwa randa upya. Hata hivyo, ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kulingana na unyevu. Matundu ya skrubu yanayoushika kutoka chini yafanywe marefu kidogo ili ubao upate nafasi ya kusogea. Ukibanwa kabisa utapasuka.

Graniti hustahimili joto na mikwaruzo. Tatizo lake ni uzito. Bamba la unene wa milimita 20 lina uzito wa takriban kilo 54 kwa kila mita mraba. Kaunta ya urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 60 hufika karibu kilo 78. Ikiwa unene ni milimita 30, hupita kilo 115. Kibebeo cha mbao laini kilichotosha fomaika hakitatosha hapo.

Vilevile kuna mawe ya viwandani, yanayotengenezwa kwa kusaga kwatzi na kuiunganisha kwa gundi maalumu. Yana sura nzuri na rangi zisizobadilika, lakini vumbi lake ndilo hatari zaidi, kama itakavyoelezwa hapa chini.

KUPIMA

Zana za kupimia si nyingi: utepe wa kupimia, pimamaji, skwea, uzi, penseli iliyochongwa vizuri na kipande cha kadibodi au plaiwudi nyembamba. Mwanagenzi azizoee hizi kabla ya kupewa mashine.

Hatua ya kwanza ni kutafuta mahali sakafu ilipoinuka zaidi. Kimo cha kaunta hupimwa kutoka hapo. Anayeanza mahali sakafu ilipobonyea hugundua baadaye kwamba kabati la upande wa pili haliingii chini ya mstari, na hulazimika kulikata miguu. Anayeanza palipoinuka huongeza tu vipande vya mbao chini ya makabati mengine.

Pili, mstari wa kimo huhamishwa ukuta hadi ukuta. Asiye na pimamaji ndefu atumie mpira wa plastiki unaopenyesha mwanga, uliojazwa maji. Maji ya ncha mbili za mpira huo hukaa kimo kimoja daima, mradi hakuna povu la hewa ndani na ncha zote ziko wazi. Njia hii ni ya kale, haina gharama, na haidanganyi.

Tatu, pembe ikaguliwe. Kutoka konani, pima sentimita 60 kwenye ukuta mmoja na sentimita 80 kwenye ukuta wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa sentimita 100 kamili, pembe ni ya nyuzi 90. Ukiwa 101, pembe imefunguka. Ukiwa 99, imejifunga. Tofauti hiyo ya sentimita moja huonekana ndogo, lakini mwishoni mwa kaunta ya mita mbili huzaa mwanya wa zaidi ya sentimita nne. Silikoni haizibi mwanya wa namna hiyo.

Nne, upana upimwe mahali pengi, angalau kila sentimita 30, kwa sababu ukuta huweza kuwa na tumbo katikati. Kipimo cha ncha mbili pekee hakitoshi.

Tano, kitengenezwe kielelezo. Kadibodi au plaiwudi nyembamba hulazwa juu ya makabati, ikasukumwa hadi iguse ukuta. Kipande kidogo cha mbao chenye penseli hutelezeshwa ukutani ili mstari ufuate mbonyeo na mwinuko wote. Kadibodi hukatwa kwa mstari huo, hujaribiwa, na hurekebishwa hadi ikae vyema. Kosa likifanyika, hasara ni ya kadibodi tu. Kielelezo hicho ndicho hupelekwa karakanani, kikiwa kimeandikwa upande wa juu, upande wa ukutani na mahali pa sinki.

Kwa mawe, hatua ya tano haina badala yake. Karakana ina maji ya kukatia, meza thabiti na nafasi ya wazi. Jikoni pa Jericho hamna hata kimoja cha hivyo.

TUNDU LA SINKI

Sinki nyingi huja na karatasi ya kielelezo cha tundu. Isipokuwapo, sinki hugeuzwa juu chini na kuchorwa, kisha mstari wa kukata huingizwa ndani kwa kadiri ya ukingo wake. Pasipo kuangalia hilo, tundu huwa kubwa na sinki hutumbukia.

Ni vyema kuacha angalau milimita 50 za bamba mbele na nyuma ya tundu. Pembe za tundu zisiwe kali: hutobolewa kwanza matundu ya mviringo kwenye kona nne, ndipo msumeno hupitishwa kutoka tundu hadi tundu. Kona kali katika jiwe au fomaika ndiyo mwanzo wa ufa. Kwa mbao, kingo zote zilizokatwa zipakwe vanishi au silikoni kabla ya sinki kushushwa, kwa maana hapo ndipo maji yatakapopenya kwanza.

KUBEBA NA KUPACHIKA

Bamba la jiwe hubebwa likiwa limesimama kwa ukingo, kama kioo cha dirisha, wala si likiwa limelala. Likilazwa hewani, uzito wake wenyewe hulivunja, hasa penye tundu la sinki, ambako limebaki na kingo nyembamba mbili. Mafundi hufunga ubao wa kuliimarisha sehemu hiyo kabla ya safari.

Kilo 78 si mzigo wa watu wawili katika kijia chembamba. Wawe watatu au wanne, wenye glovu na viatu vigumu, na mmoja wao awe ndiye anayetoa amri. Njia ikaguliwe mapema: mlango, kona, ngazi, kamba za nguo na watoto wanaocheza uani.

Kabla ya bamba kulazwa, makabati yaunganishwe kwa skrubu na yakaguliwe kwa pimamaji kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Panapotumiwa vyuma vya ukutani, visiachane zaidi ya sentimita 60, na skrubu zake zifike kwenye jiwe la ukuta lenyewe. Skrubu inayoshika lipu ya zamani pekee itang'oka siku mtu atakapoegemea kaunta.

Bamba lilazwe kwanza bila gundi, likaguliwe, kisha liinuliwe na kupakwa. Kati ya bamba na ukuta huachwa milimita mbili au tatu, zinazojazwa silikoni isiyoota kuvu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kaunta, ufa usiozibwa huozesha kabati lote kutoka nyuma, mahali ambapo hakuna anayeona.

VUMBI LINALOUA POLEPOLE

Jeraha la msumeno huonekana mara moja. Jeraha la vumbi huchukua miaka, na ndiyo sababu mafundi wengi hulidharau.

Mawe mengi yana madini yaitwayo silika. Katika marumaru ni kidogo. Katika graniti huweza kufika theluthi moja au zaidi. Katika mawe ya viwandani huweza kupita asilimia 90. Jiwe linapokatwa kavu kwa grainda, silika hugeuka vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, likaingia ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Mapafu hujijengea makovu na kukakamaa. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa. Aidha, humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa kifua kikuu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiorodhesha silika ya aina hiyo miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu.

Nchini Australia, mafundi wa kaunta, wakiwemo vijana, waligunduliwa kuwa na ugonjwa huo kwa idadi iliyoshtua taifa. Tangu Julai 1, 2024, nchi hiyo imepiga marufuku kutengeneza, kuuza na kupachika kaunta za mawe ya viwandani. Mawe ya aina hiyo yangali yakiuzwa katika nchi nyingi.

Kinga ya kwanza ni kutokata jiwe ndani ya nyumba. Kinga ya pili ni kukata kwa maji, kwa mashine iliyoundwa kwa kazi hiyo. Ni hatari kumwagia maji grainda ya kawaida ya umeme, kwani mshtuko wa volti 240 huua papo hapo. Kinga ya tatu ni barakoa ya kuchuja vumbi, kama ile ya N95 au iliyo bora zaidi, iliyobana uso vizuri. Leso iliyofungwa puani na barakoa ya kitambaa havizuii vumbi hilo.

Baada ya kazi, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Likifagiwa kavu hurudi hewani. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba wala kufuliwa pamoja na za watoto.

Vumbi la mbao nalo si la kupuuzwa. IARC imeliorodhesha kuwa kisababishi cha saratani ya pua, na emdiefu huongeza kemikali za gundi yake. Ikatwe nje, penye hewa.

UMEME, GESI NA GUNDI

Kabla ya kutoboa ukuta, swichi kuu izimwe na nyaya zikisiwe: aghalabu hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi. Mabomba ya maji yafuatiliwe vivyo hivyo.

Gundi ya fomaika hutoa mvuke unaoshika moto kwa cheche ndogo. Katika chumba ambamo jiko la gesi au la mafuta taa liko umbali wa hatua mbili, hilo si jambo la mzaha. Mtungi ufungwe na utolewe nje, madirisha yafunguliwe, na jirani wa chumba kinachopakana aarifiwe.

Gundi hiyo hupakwa pande zote mbili na kuachwa hadi isinate kidoleni. Zikishagusana hazisogezwi tena. Kwa hivyo vijiti vyembamba hupangwa juu ya ubao, fomaika huwekwa juu yake na kulinganishwa, kisha vijiti huchomolewa kimoja kimoja kuanzia katikati huku fomaika ikikandamizwa.

SHERIA NA VYETI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, pia ya 2007, inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Kwa maneno mengine, kijana anayejifunza kwa fundi si mgeni asiye na haki akiumia.

Wengi wa mafundi wa Eastlands hujifunza kwa kutazama na kusaidia, iwe Gikomba au Kariobangi Light Industries. Njia hiyo hujenga mkono imara, lakini haitoi cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini ufundi wa useremala na uashi kwa gredi tatu, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, na waliojifunzia kazini huweza kutahiniwa. Ofisi zake kuu ziko Industrial Area, si mbali na Jericho.

Anayetafuta fundi wa kumfunza amchunguze kwanza. Je, hutengeneza kielelezo, au hukata kwa kukisia? Mashine zake zina vikinga vya diski? Husimama wapi anapokata jiwe? Majibu ya maswali hayo yataeleza mengi kuliko kaunta anazoonyesha kwenye simu.

KABLA YA KULIPA

Mteja naye ana wajibu. Aweke pimamaji juu ya kaunta kwa urefu na kwa upana. Amwage kikombe cha maji karibu na ukuta na kutazama chini ya kabati baada ya dakika chache. Aegemee ukingo wa mbele kwa uzito wake. Afungue kila mlango na droo iliyo chini ya bamba.

Zaidi ya yote, asimharakishe fundi wakati wa kupima. Saa moja ya kadibodi na penseli humwokolea fedha za bamba jipya, na humwondolea kijana aliyebeba grainda sababu ya kuiwasha jikoni.